Kengele ya Madini Matano

Kengele ililia vizuri mno, na hapo ndipo Amour alipoanza kupata wasiwasi.

Ilikuwa imening'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti ya karakana, katika jengo la matofali mekundu lililo nyuma ya majumba ya halmashauri ya Newtown, katika nchi ya Waingereza. Jagjit, mwenye karakana, aliigonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Sauti ikatoka, ikapanda, ikatulia hewani. Jagjit aliweka nyundo mezani, akafuta miwani yake kwa ncha ya shati, akaivaa tena, na kengele ilikuwa bado inavuma.

"Umesikia hiyo? Tangu tuanze kazi hii, bwana Amour, umewahi kusikia kitu kama hicho?"

"Bado."

"Sasa mbona umekunja uso kama mtu ameuma ndimu?"

"Ndio uso wangu huu. Miaka yote hii hujauzoea?"

Jagjit akacheka, akaenda kuchemsha chai. Amour alibaki chini ya kengele, akaushika ukingo wake kwa vidole viwili mpaka mtetemo ukafa.

Alikuwa mtu wa Unguja, wa Kikwajuni, na kazi ya kusubu shaba, kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, hakuisomea popote. Aliingia karakana ile kama mfagiaji, akasogea karibu na tanuri kwa sababu ya baridi, akatazama, akauliza, akaazima vitabu maktaba na kuvisoma kamusi ikiwa pembeni, akaunguza vidole, na mwisho akawa yeye ndiye anayechanganya madini. Jagjit alizaliwa Kisumu, mtoto wa fundi wa reli, na Kiswahili chake kilibaki cha kulekule. Siku alipomsikia mfagiaji wake mpya akijisemea peke yake kwa Kiswahili, alitupa koleo chini akamkumbatia na masizi yake yote. Tangu hapo hawakusemezana Kiingereza isipokuwa mbele ya wateja.

Kazi yao kubwa ilikuwa vyombo vya ibada vya watu wa Asia: kengele, taa, upatu, vyetezo, sinia za maua. Kila chombo kina mchanganyiko wake, na wa kengele Amour aliujua kama mpishi anavyoijua chumvi. Shaba nyekundu sehemu nne, bati sehemu moja. Ukizidisha bati kengele huvunjika kama sahani, ukipunguza hunung'unika. Ukitia vitu vingine, zinki, risasi, chuma, kila kimoja kinamega kipande cha sauti.

Kengele hii ilitakiwa iwe imemegwa. Ilikuwa ya madini matano.

Waumini wa hekalu moja la Kihindu waliokuwa wamehamia ukumbi mpya huko Handsworth walitaka kengele ya desturi ya kale: shaba, bati, fedha, dhahabu na chuma. Na dhahabu isinunuliwe dukani. Itoke masikioni, vidoleni na kwenye masanduku yao wenyewe, kila nyumba kipande chake, ili kengele ikilia alfajiri kila nyumba iwe imelia ndani yake, pamoja na wafu wake.

Aliyeileta kazi hiyo alikuwa mama mmoja mzee, mfupi, amevaa koti zito juu ya sari. Alimsikiliza Jagjit akieleza bei na muda kwa Kiingereza, huku anamtazama Amour aliyekuwa anachekecha mchanga.

"Weye kwenu wapi?" akauliza ghafla, kwa Kiswahili.

Amour aliacha chekecheke. "Unguja, mama. Kikwajuni."

"Kikwajuni!" Akakaa juu ya boksi bila kukaribishwa. "Miye Kiponda. Baba yangu akiuza vitambaa. Naitwa Kusum. Mtoto wa nani weye?"

Siku hiyo bei haikuzungumzwa tena. Bi Kusum alirudi wiki iliyofuata na kachori kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, na wiki nyingine na kachori nyingine, eti amekuja kuona kazi imefika wapi. Mara ya tatu alifungua pochi yake akatoa kipini cha dhahabu, kidogo kama punje ya mtama, chenye jiwe jekundu.

"Cha mama yangu. Siku tulipoondoka tuliacha kila kitu, kabati, vitanda, hata picha za ukutani. Bangili alivuliwa. Kipini kilisalimika kwa sababu kilikuwa puani na hapana aliyekikumbuka. Miye tundu langu limeshaziba na binti zangu hawataki kutoboa pua. Nimeona bora kikalie mahali pa kulia."

"Jiwe tutalitoa kwanza," Amour alisema. "Halipendi moto."

"Litoe. Lakini nisikilize, mwanangu. Huyo bwana wako mtu mzuri, anacheka sana, lakini simjui. Weye nakujua. Nataka weye ndiye ukitie motoni. Na ukishakitia uniambie, kwa Kiswahili, nisikie sawasawa."

"Nitakwambia, mama."

Kuhani wao, waliyemwita maharaji, alitazama nyota akachagua Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Asubuhi ya siku ile Jagjit alimwambia Amour awashe na tanuri la nyuma.

"Kuna upatu wa wale Wabudha. Tusipoteze moto. Tia shaba na bati, safi, ule mchanganyiko wako wa siku zote."

Amour alipima, akatia, akawasha. Kisha akaenda kuliandaa tanuri la mbele kwa ajili ya wageni, akatia bati chunguni.

Walikuja akina mama wengi kuliko walivyotarajiwa. Walileta taa za shaba zilizopasuka, vijiko vya fedha vya watoto ambao sasa wana wajukuu, hereni moja moja zilizopoteza wenzao, pete za ndoa za marehemu. Maharaji alileta chuma: bawaba ndogo ya mlango wa ukumbi wao wa zamani, ile nyumba ya chini ya reli walikoanzia ibada zao. Amour aliomba aisage kwa tupa kwanza, kwa sababu chuma hakiyeyuki kwenye moto wa shaba. Shaba hukila polepole, na kipande kizima kitaelea tu. Maharaji akatabasamu, akasema mlango ulikuwa mzima na bawaba iende nzima. Basi ikaenda nzima.

Amour alisimama mdomoni mwa tanuri, koleo refu mkononi, akapokea kitu kimoja kimoja kutoka kwenye sinia na kukishusha ndani ya chungu cha kuyeyushia. Kila mwanamke alikuja mbele kwa zamu yake. Wengine waliomba, wengine walilia, mmoja alicheka akafunika mdomo. Ilipofika zamu ya Bi Kusum, Amour alikishusha kipini polepole kuliko vyote, akakiona kinang'aa mara moja juu ya madini na kutoweka.

"Kimeingia, mama," alisema. "Nimekiona kwa macho yangu."

Bi Kusum akamgusa mkono, juu ya glavu, akarudi nyuma.

Baada ya hapo Jagjit aliwaomba akina mama waende ofisini wakanywe chai, kwa sababu ya moshi. Akamgeukia Amour.

"Na wewe nenda ukaswali. Madini bado hayajaiva. Nitamimina mwenyewe."

Ijumaa nyingine zote Jagjit alimngoja mpaka arudi msikitini, na moto ulipokuwa hauwezi kungoja, Amour alibaki akaswali adhuhuri pale pale karakana. Leo alipewa ruhusa bila kuomba. Alidhani ni heshima. Alinawa, akaenda, na aliporudi kalibu ya mchanga ilikuwa imejaa na inafuka moshi, na akina mama wamekwisha kwenda zao.

"Ile bawaba uliiopoa?" aliuliza.

"Iliyeyuka."

"Chuma? Kwenye moto wetu?"

"Ilikuwa kutu tupu, bwana. Imeliwa yote. Wacha maswali, shika fagio."

Amour akashika fagio.

Sasa kengele imetolewa mchangani, imesuguliwa, imelia, na sauti yake haikuwa na zinki ya taa kuukuu wala chuma cha bawaba. Amour hakuwa mtu wa kurukia neno. Alirudi nyumbani Small Heath na basi la Coventry Road, akazipanga sababu kichwani moja baada ya nyingine. Labda taa zile zilikuwa na zinki kidogo kuliko alivyodhani. Labda fedha ya vijiko ilikuwa nyingi, na fedha haidhuru sauti. Labda Jagjit alichuja taka vizuri sana. Mtu uliyekula naye miaka yote hiyo, aliyesimama na wewe hospitali mtoto wako alipozaliwa, humwiti mwongo kwa ajili ya bawaba.

"Una nini?" mkewe Asmahan alimuuliza kwenye chakula.

"Kengele imetoka nzuri kupita kiasi."

"Subhanallah. Wenzio hulia kazi ikiharibika, wewe walia ikifana?"

Akacheka naye, akala wali wake.

Jumanne alihitaji shaba ya kujazia kazi ndogo ya taa. Alitafuta kwenye mapipa ya kawaida, hakupata ya kutosha, akapiga magoti mbele ya meza ya nyuma ambako Jagjit huweka mabaki. Kulikuwa na ndoo ya chuma imefunikwa magunia mawili. Ndani yake kulikuwa na mikate; ndivyo walivyoyaita matofali madogo ya madini yanayomiminwa yakahifadhiwa kwa kazi ya baadaye. Rangi yake haikuwa ya mchanganyiko wowote aliowahi kuupika. Alitoa mmoja, wa pili, na kwenye wa tatu kidole chake kikakwaruzwa. Ubavuni mwa mkate ule ilichomoza bawaba, nusu yake imezama, nusu nje, na jicho moja la skrubu bado linamtazama.

Alikaa pale chini sakafuni muda mrefu. Hakuona hasira kwanza. Aliona tanuri la nyuma, na mikono yake mwenyewe inapima shaba na bati, safi, ule mchanganyiko wake wa siku zote. Hata siku moja hakuona upatu wa Wabudha. Kwa nini hakuuliza?

Jagjit aliingia na mfuko wa samosa kutoka Alum Rock. Akaona ndoo, akaona magunia, akaweka mfuko juu ya meza.

"Nilikuwa nikuambie," alisema.

"Lini?"

"Baadaye."

"Baada ya nini?"

Jagjit alivuta stuli. "Unakumbuka ile kengele ya Leicester? Madini matano, desturi, kila kitu walichotaka. Ikatoka bubu. Waliirudisha kwa gari, wakaishusha hapo mlangoni mbele ya majirani, wakasema tumewauzia sufuria. Si ulikuwepo? Uliona. Wiki mbili sikutoka nyumbani."

"Niliona."

"Sasa hawa wanakuja na mataa mabovu na mabawaba. Nikajiuliza, hawa akina mama wanataka nini hasa? Wanataka kengele ilie. Nimewapa kengele inalia! Nimeiba? Sikuiba. Dhahabu yao yote iko humo kwenye ndoo, naapa kwa Guru, sikugusa hata chembe."

"Walitaka wao ndio walie ndani yake."

"Na nani angejua?"

"Mimi."

"Wewe hukutakiwa ujue!" Jagjit alipandisha sauti, kisha akaishusha. "Sikiza, ndugu yangu. Ningekuambia, ungekubali?"

"Hapana."

"Unaona."

"Basi ungemweka mtu mwingine pale tanurini."

"Nani? Mimi? Yule mama yako wa Unguja angeniangalia mara moja tu, angeona. Wewe hujui kudanganya, bwana. Uso wako ni dirisha, mtu anaona mpaka jikoni. Wangekuangalia usoni na kuamini kwa sababu wewe mwenyewe unaamini. Nilikuhitaji uamini."

Alisema hivyo kwa upole, karibu kama sifa. Amour alitazama mikono yake iliyojaa vumbi la shaba. Mwizi akikuibia koti, unajua siku nyingine ufunge mlango. Huyu alikuwa ameazima neno la kweli la Amour, akalitumia, akalirudisha mahali pake bila mwenyewe kuhisi. Na kwa kuwa lilikuwa la kweli, halikuwa na alama yoyote.

"Jumapili inatundikwa," Jagjit alisema. "Ngoja waisikie kwanza. Wakishaisikia ndio tuwaambie, polepole, labda huyo mama peke yake. Wenyewe watasema, wacheni hivyo hivyo."

"Ikishatundikwa na kuombewa haivunjwi tena. Ni mwiko. Unalijua hilo kuliko mimi."

Jagjit aliugeukia mfuko wa samosa. Akaanza kuifungua mifuko midogo ya chatini iliyokuwa ndani, akashindwa na fundo, akaiacha.

Amour aliutia ule mkate wenye bawaba ndani ya mfuko wa sokoni, akavaa koti, akatoka. Kwenye basi mfuko ulikuwa mzito mpaka msichana mmoja akampisha kiti.

Bi Kusum alifurahi kumwona. Alimketisha sebuleni, akamletea chai ya tangawizi na bakuli la vitafunwa vya chevda, akaanza kumweleza habari za watoto wa ndugu zake wanaokuja Jumapili, wengine toka Toronto. Amour alimwacha amalize. Kisha alitandika gazeti juu ya meza ndogo, akauweka mkate, na akaeleza yote kwa mpangilio, kuanzia tanuri la nyuma. Hakumtukana Jagjit na hakumtetea.

Bi Kusum aliugeuza mkate, akaigusa bawaba kwa ncha ya kidole.

"Kipini kimo humu?"

"Naamini kimo. Humu, au kwenye mikate mingine."

"Unaamini. Juzi ulisema umekiona."

"Nilikiona kikiingia chunguni, mama. Chungu ndicho hakikuingia kwenye kengele."

"Miye nilikuuliza habari ya chungu?"

Amour alisogeza kikombe chake cha chai pembeni.

"Na hilo tanuri la pili, nani aliliwasha?"

"Mimi."

"Shaba yake nani aliipima?"

"Mimi, mama. Sikujua."

"Fundi mzima, unawasha moto hujui wa nini?" Hakupaza sauti. Alikunja gazeti juu ya mkate, upande mmoja, kisha wa pili, kama anayefunika uso wa maiti. "Yule mwenzio simlaumu. Sikumwamini tangu awali, na usiyemwamini hana cha kukuvunjia. Lakini weye! Nilikwenda nikawaambia wenzangu: yupo mtoto wa Unguja pale, msiwe na wasiwasi, huyo akisema neno ni neno. Wengine hawakutaka kuleta kitu. Wameleta kwa sababu yangu, na miye kwa sababu yako."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja. Ahsante." Ahsante ile ilikuwa baridi. "Ningependa nisijue, unafahamu? Ningekwenda Jumapili, ningeisikia, ningesema mama yangu huyo. Sasa umenijulisha. Na usingenijulisha ningekulaani siku ya kujua. Huna njia nzuri weye."

Kutoka jikoni redio ilikuwa ikitangaza foleni za magari.

"Haijaombewa bado," Bi Kusum alisema mwishoni. "Ivunjeni. Muanze upya, na hivi hivi vilivyomo humu. Nitawaambia wenzangu mwenyewe, na hao wa Toronto watangoja au watarudi kwao. Na safari hii usiniambie kitu. Kwa Kiswahili wala kwa lugha yoyote."

Jagjit alibisha kutwa nzima. Alisema watapoteza mteja, watapoteza jina, alisema huo ni wazimu, kuvunja kitu kizima ili utengeneze kibovu. Mwishowe, alipoona Amour ameshusha kengele na kuilaza juu ya gunia la mchanga, alisema kwa sauti nyingine kabisa, "Ngoja. Mara moja tu."

Akainyanyua kidogo kwa mnyororo, akaigonga kwa ile nyundo ya mbao. Amour alingoja. Alingoja mpaka sauti ikaisha yote, kwa sababu ilikuwa sauti nzuri na haikuwa na kosa. Kisha akachukua nyundo kubwa. Shaba ya kengele haipindi. Pigo la kwanza lilitoa ufa, la pili likaifungua vipande vipande, na ndani yake ilikuwa nyeupe ya kijivu, chembechembe, kama sukari guru iliyovunjwa.

Jagjit alikuwa amegeukia ukuta.

Kabla ya kuiyeyusha mikate, Amour aliipandisha yote kwenye mizani, pamoja na ule aliourudisha kutoka kwa Bi Kusum. Hakuwahi kufanya hivyo nyuma ya Jagjit, hata siku moja. Uzito wa bati na vitu vya akina mama aliuandika mwenyewe kwa chaki ubavuni mwa tanuri siku ile ya Ijumaa, na bado ulisomeka. Wa mikate ulipungua kidogo. Kila chungu hupungua. Moto hula, taka huchujwa, kiasi kama kile hasa.

"Ni moto," Jagjit alisema nyuma yake.

"Najua."

"Kama unajua, mbona unaangalia mizani hivyo?"

"Natazama tu."

"Amour. Nimeapa."

"Nimekusikia."

Na kweli alikuwa anajua. Kwa hesabu zote za kazi yao ulikuwa moto uliokula. Lakini kiasi kilicholiwa na moto na kiasi kinachoweza kufichwa ndani ya kiganja vilikuwa sawa, na zamani asingefikiria jambo hilo, na sasa hangeweza kuacha kulifikiria. Alishusha mikate akaipanga karibu na tanuri bila kusema zaidi.

Akina mama walikuja tena, siku nyingine ambayo maharaji aliichagua. Walikuwa wachache na hawakuleta maua. Jagjit alipowakaribisha ofisini kunywa chai, hakuna aliyesogea. Bi Kusum alilivuta lile boksi, akaliweka katikati ya tanuri na kalibu, akakaa, mkoba mapajani. Moshi ulimfikia, macho yake yakatoa machozi, hakuyafuta.

Mikate ilishuka mmoja mmoja. Mwisho ulishuka ule uliokuwa na bawaba, na safari hii Amour alikuwa ameomba ruhusa ya maharaji aikate bawaba vipande vidogo, na maharaji alikubali kwa kichwa tu, bila tabasamu. Madini yalipoiva, Amour alivua glavu moja ili afute jasho usoni.

"Samahani," alisema mwanamke mmoja, yule aliyecheka siku ya kwanza. Alisema kwa Kiingereza, kwa adabu. "Unaweza kutuonyesha mikono yako?"

Amour alimtazama Bi Kusum. Bi Kusum alikuwa anamtazama yeye, anangoja, kama wengine.

Alivua glavu ya pili. Akavinyoosha viganja vyote viwili mbele yao, akavigeuza, akavigeuza tena. Vilikuwa vyeusi, na kovu refu kwenye kidole gumba. Mwanamke yule alisogea karibu, akaangalia ndani ya glavu pia, akasema ahsante.

"Hawa wamekosa heshima," Jagjit alinong'ona. "Kwa mtu kama wewe!"

"Shika upande wako," Amour alisema.

Chungu kikishajaa hubebwa na watu wawili, kila mmoja mwisho wake wa mtaimbo, nao huenda hatua kwa hatua, kwa sababu mmoja akiyumba mwingine huungua. Walikuwa wamelibeba zigo hilo pamoja miaka mingi, Amour akiangalia madini na Jagjit akiangalia njia. Wakainua. Wakaanza kutembea kuelekea kwenye kalibu, wakampita Bi Kusum kwenye boksi lake, na macho ya akina mama yote yalikuwa kwenye mikono ya Amour. Macho ya Amour hayakuwa kwenye madini. Alikuwa anaitazama miguu ya Jagjit.